Kitenzi "look" na mkia wake: mwongozo kwa msemaji wa Kiswahili

Mwambie askari wa getini "Look at the car", atalitazama gari. Mwambie "Look after the car", atalilinda mpaka urudi. Ukisema "Look for the car", itambidi aondoke getini akalitafute. Ukisema "Look into the car", atainama dirishani achungulie kilichomo ndani. Kitenzi ni kile kile na gari ni lile lile, lakini kazi ni nne, na kinachozitenganisha ni kineno kidogo kinachokuja nyuma ya kitenzi. Kineno hicho tutakiita mkia.

Kiswahili hufanya kazi hiyo kwa njia nyingine. Ama tuna kitenzi tofauti kwa kila kazi: tazama, linda, tafuta, chungulia. Ama tunakinyambua kitenzi chenyewe, tazama ikawa tazamia, leta ikawa letea. Kiganda nacho ni hivyo hivyo: okulaba ni kuona, okulabirira ni kutunza. Kihusishi kimo tumboni mwa kitenzi, na hata anayetendwa yumo humo humo: ukisema "namtafuta", neno moja limemaliza kila kitu. Ndiyo maana mtu aliyekulia Kiswahili, Kiganda au Kisoga huona "I am looking him" imetosha. Haijatosha. Kwa sikio la Kiingereza sentensi hiyo imekatwa mkia, na msikilizaji hawezi kujua kama unamtazama huyo mtu, unamtafuta au unamtunza.

Kuna sababu ya pili, nayo ni ya sikio. Katika mazungumzo ya kasi, at na for hutamkwa kwa sauti hafifu sana, "look at it" ikasikika kama neno moja, "lukatit". Aliyejifunza Kiingereza kwa kusikia tu, sokoni au kwenye steji ya boda, hakikamati kineno kile kwa sababu hakikuwahi kumfikia vizuri.

Hatua ya kwanza: andika kitenzi na mkia wake kama neno moja

Chukua daftari, utenge ukurasa mzima kwa look. Usiandike "look = tazama", maana hapo ndipo makosa yanapozaliwa. Andika "look at = tazama", mstari unaofuata "look for = tafuta", kisha "look after = tunza", na kuendelea. Mbele ya kila moja weka sentensi yako mwenyewe yenye kitu unachokishika kila siku: mzigo, risiti, pikipiki, mtoto, fomu. Kisha iandike sentensi hiyo mara ya pili ukitumia it au her badala ya kitu chenyewe. Sentensi hii ya pili usiiruke. Ndiyo itakayokuonyesha mahali kiwakilishi kinapokaa, jambo tutakalolifikia kwenye look up.

Irabu ya look ni fupi. Ukiivuta inakuwa jina la mtu, Luke. Wakati uliopita ni looked, na ile ed ya mwisho hutamkwa t peke yake, "lukt", si "lukedi".

Hatua ya pili: jua look inaposimama bila mkia

Kama hakuna kitu unachokitaja, mkia hauhitajiki. "Look! The taxi is coming." Mbele ya here na there pia hauwekwi: "Look there", si "look at there". Vivyo hivyo mbele ya sentensi ndogo inayoanza na where au what, unaweza kuuacha: "Look where you are going." Lakini mara tu jina la kitu au mtu linapokuja, at inarudi: "Look at the road", "Look at me".

Hapa pana jambo la adabu. Kuanza sentensi kwa "Look," au "Look here," ukiongea na mzee, mwalimu au ofisa kunasikika kama kugomba, karibu na "sikiliza wewe". Anza na "Excuse me, sir" au "Please, madam".

Look at ina maana ya pili yenye faida kazini, yaani kukagua. "The mechanic will look at the engine" haina maana kwamba fundi ataikodolea injini macho. Ataikagua ajue ina shida gani. Daktari naye "looks at" mguu wako. Mpira, hata hivyo, haufuatwi na look at. Kitu kinachosogea na unachokifuatilia kwa muda hutumia watch: "We watched the match." Na kuona bila kukusudia ni see: "I saw him in the taxi park."

Hatua ya tatu: tenganisha look for, find na search

Look for ni kutafuta, yaani juhudi. Find ni kupata, yaani matokeo. "I looked for my phone the whole morning and found it under the seat." Anayesema "I am finding my phone" akiwa bado anapekuapekua amechanganya safari na mwisho wake.

Search ndiyo yenye hatari zaidi, hasa kwa anayeandika maelezo ya tukio au kutoa ushahidi. "The police searched him" maana yake walimpekua: mikono juu, mifuko nje. "The police searched for him" maana yake walimtafuta, pengine hata hawakumwona. Kineno for peke yake kinabadilisha tukio lote. Look haina mtego huu, kwa sababu look him haipo kabisa. Kwa hiyo ukiwa na wasiwasi, tumia look for.

Kosa jingine linatokana moja kwa moja na sarufi yetu. Sisi husema "simu niliyokuwa naitafuta", na ile -i- katikati ya kitenzi ni simu yenyewe. Tukihamia Kiingereza tunaibeba: "the phone which I was looking for it". Ondoa it. Sentensi inaishia kwenye for, mkia wazi: "the phone I was looking for". Inaonekana kama imebaki nusu, lakini ndiyo sahihi. Maswali nayo huishia hivyo hivyo: "What are you looking at?" "Who are you looking for?" Ukiusogeza mkia mbele, "For whom are you looking?", hujakosea, ila ni Kiingereza cha suti na tai, mtu anayekuuliza dukani Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala, hatasema hivyo.

Look after, na mkia katika kauli ya kutendwa

Look after ni kutunza na kulinda: mtoto, mgonjwa, duka, mifugo, mzigo. Mtunzwaji hukaa nyuma ya after siku zote. "My aunt looks after her", kamwe si "looks her after".

Ugumu huja katika kutendwa, ambako wengi hukata mkia kwa kudhani kazi yake imekwisha. "The children are looked after by their grandmother." Ukiandika "The children are looked by their grandmother", umepoteza maana. Na kama kuna by, viambatanishe vyote viwili bila kuogopa: "looked after by", "looked into by". Anayeandika ripoti ya zahanati, ya shule au ya kampuni ya ulinzi akiishika hii moja, ripoti zake zitabadilika mara moja, kwa sababu ripoti hupenda sana kauli ya kutendwa.

Look into ndiyo lugha ya ofisi: kuchunguza jambo. "We are looking into your complaint." Isome kwa uangalifu unapoipokea. Inaahidi uchunguzi tu, haiahidi jibu wala malipo. Ukitaka zaidi, uliza tarehe.

Look forward to: mahali barua nyingi zinapoharibika

Hii inastahili muda kuliko nyingine zote, maana inakaa mstari wa mwisho wa barua ya kuomba kazi, na mstari wa mwisho ndio anaobaki nao msomaji.

Mkia hapa una vipande viwili, forward na to, na vyote lazima viwepo. "I am looking forward for your reply" ina kipande kisicho chake. Kisha baada ya to kinachofuata ni nomino au kitenzi chenye -ing: "I look forward to your reply" au "I look forward to hearing from you." Sentensi inayoandikwa kila siku, "I look forward to hear from you", ni kosa.

Sababu ya kosa inaeleweka. Shuleni tumezoea to ikifuatwa na kitenzi kitupu: want to go, need to eat. Lakini kuna to mbili. Ile ya want to ni sehemu ya kitenzi kinachofuata, kama ku- katika "kwenda". Ile ya look forward to ni kihusishi, ndugu ya at na for. Ili kuzitambua, jaribu kuweka nomino baada ya to. "I look forward to the meeting" inakubalika, kwa hiyo to hiyo ni kihusishi, weka -ing. "I want to the meeting" haikubaliki, kwa hiyo weka kitenzi kitupu. Jaribio hilo hilo linafaa kwa be used to: "I am used to the noise", basi "I am used to riding at night."

Barua rasmi inayoanza na "Dear Sir" au "Dear Madam" hutumia "I look forward to". Kwa ndugu na marafiki, "I am looking forward to" ina joto zaidi.

Na tahadhari kubwa. Kiswahili chetu husema "tunatarajia" au "tunatazamia" kwa jema na kwa baya: tunatarajia wageni, tunatarajia mafuriko. Look forward to ni kwa jema tu, kwa sababu ina furaha ndani yake. Ukimwandikia mfiwa "I look forward to the burial" umemwambia kwamba unayangoja mazishi kwa hamu, na hakuna tafsiri itakayouponya moyo wake. Kwa jambo zito sema "I will be at the burial". Kwa jambo lisilo jema, au la kawaida tu, tumia expect: "We expect heavy rain tomorrow."

Look up, na swali la mahali it inapokaa

Hadi hapa kitu kimekuwa kikifuata mkia bila ubishi. Look up inavunja kawaida hiyo. Maana yake ni kutafuta habari mahali zilipoandikwa: neno kwenye kamusi, namba kwenye simu, matokeo kwenye orodha. Unaweza kusema "look up the word" au "look the word up", zote sawa. Lakini ukitumia kiwakilishi, kiwakilishi lazima kiingie katikati: "look it up", "look them up". "Look up it" haisemwi. Na usiongeze for: "look up for the word" imechanganya mikia miwili.

Kwa nini? At, for, after na into ni vihusishi vya kweli, haviachani na nomino iliyo nyuma yake. Up hapa ni kama kielezi, imefungamana na kitenzi kwa kamba ndefu, na kitu kifupi kama it hupenyezwa katikati. Sikio litakusaidia: katika "look it up" uzito wa sauti huangukia up, ilhali katika "look at it" at humezwa. Mwenzake mwenye tabia hiyo ni look over, kupitia jambo ili kulikagua: "Here is the tenancy agreement; look it over before you sign." Usiichanganye na overlook, ambayo ni kitenzi kingine kabisa na karibu kinyume chake, maana ni kupitiwa na kitu bila kukiona. "We overlooked your name" ni kuomba radhi kwamba jina lako lilisahaulika.

Ukiambiwa "Look me up when you come to Gulu", umealikwa: ukifika Gulu nitafute, upite unisalimu. Na "Things are looking up" ni kusema mambo yanaanza kunyooka.

Ongeza kipande kimoja na maana inageuka tena. Look up to ni kumheshimu mtu na kutaka kufuata nyayo zake. Look down on ni kumdharau. Hizi zenye vipande viwili haziruhusu kitu katikati: "The young players look up to her", "Nobody should look down on a porter." Katika kutendwa vipande vyote hubaki: "Porters are often looked down on."

Look like na swali linalokosewa Afrika Mashariki nzima

"How does she look like?" Swali hili linasikika redioni, ofisini, hata darasani. Ni maswali mawili yaliyogongana. La kwanza ni "What does she look like?", yaani ana sura na umbo gani, kama unapokwenda kumpokea mgeni usiyemjua. La pili ni "How does she look?", yaani leo anaonekanaje, kama unapouliza hali ya mgonjwa. Kanuni ni hii: kama like ipo, anza na what, kama umeanza na how, tupa like.

Mbele ya kivumishi like haiwekwi: "You look tired", si "you look like tired". Huwekwa mbele ya nomino: "He looks like his father." Na kama hakuna wa pili wa kutajwa, tumia alike: "The twins look alike." Hali ya hewa ina yake ambayo inafaa kukaririwa hivi ilivyo: "It looks like rain."

Zilizobaki, kwa haraka

Look out! ni onyo: jihadhari. Look out for ni kuwa macho kwa ajili ya kitu: "Look out for potholes after the bridge." Look out of the window ni kutazama nje ukiwa ndani, look through the window ni kutazama kupitia kioo, uwe ndani au nje. Look through pia ni kupitia karatasi nyingi moja moja. Look around ni kuzungukazunguka ukitazama, na ndilo jibu la heshima kwa muuza duka anayekuuliza unataka nini wakati bado hujaamua: "I am just looking around, thank you." Look back on ni kukumbuka yaliyopita.

Kwa mzazi mwenye mtoto wa msingi

Mtaala wa Uganda wa madarasa ya chini ulioanza mwaka 2007 unataka mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake kuanzia darasa la kwanza (P1) hadi la tatu (P3), kisha avuke kwenda Kiingereza akiwa la nne (P4), ingawa shule nyingi za mjini huanza na Kiingereza tangu mwanzo. Mwaka wa kuvuka ndio wa kushika mikia. Msimpe mtoto orodha ya vihusishi peke yake, "at, for, after, into", akariri kama wimbo. Ataujua wimbo na kushindwa sentensi. Mpeni vifungu vizima: look at the board, look for the pen, look after the goats. Katika karatasi ya Kiingereza ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mtoto hukutana na nafasi za kujaza neno moja na sentensi za kuandika upya kama alivyoelekezwa, na mara nyingi kinachopimwa ni mkia huo huo.

Ukitafuta kwenye kamusi, usiishie mstari wa kwanza wa look. Teremka hadi mwisho wa maelezo yake; mchanganyiko na vihusishi hupangwa pale kwa alfabeti: after, at, back, down on. Kamusi nyingi za wanafunzi huandika sth (something) au sb (somebody) kuonyesha mahali kitu au mtu anapokaa. Ukiona look sth up, ujue katikati panapitika. Ukiona look after sb, hapapitiki.

Zoezi la dakika kumi

Jaza nafasi, ufunike majibu yaliyo chini.

1. My sister ______ my shop when I travel to Busia.
2. The bag I am ______ is black.
3. We look forward to ______ you in Jinja.
4. If you don't know the number, ______.
5. What does the new headteacher ______?
6. Your complaint is being ______.
7. ______ the blackboard, please.
8. Children should not ______ people who dig for a living.

Majibu. La 1 ni looks after. Wengi husahau s ya looks kwa kuishughulikia after. La 2 ni looking for, bila it. La 3 ni seeing. La 4 ni look it up, it katikati. La 5 ni look like, kwa kuwa swali limeanza na what. La 6 ni looked into, mkia ukibaki ingawa sentensi inaishia hapo. La 7 ni Look at. La 8 ni look down on. Aliyeandika look down peke yake amesema kwamba watoto wasiinamishe macho chini, maana ni on ndiyo inayogeuza kuinama kuwa dharau.